Kusimamisha na kusawazisha miguu ya kreni kwenye ardhi ya Nyanda za Juu Kusini

Kreni yenye uwezo wa kuinua tani 25 ikiinua tanki la tani 5, mguu wake mmoja kati ya minne ya kusimamia unaweza kubeba tani 26 peke yake. Wengi saiti huchukua uzito wote na kuugawa kwa nne, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Bumu, yaani mkono mrefu wa kuinulia, likizunguka na kusimama juu ya kona moja, mzigo pamoja na sehemu kubwa ya mashine huegemea kona hiyo, na mguu wa upande wa pili hubaki karibu mtupu. Udongo uliokuwa ukitosha dakika moja iliyopita unaanza kubonyea, kreni inainama, mzigo unasogea nje zaidi, na kadiri unavyosogea ndivyo mguu ule ule unavyozidi kuelemewa. Opereta akishaona mwinamo kwa macho, mara nyingi hana tena nafasi ya kuurudisha.

Kwa hiyo kazi ya miguu ianze kabla kreni haijafika. Anayepaswa kuifanya ni msimamizi wa saiti pamoja na opereta, wakiwa na karatasi na koleo.

Hesabu ya mguu mmoja

Chukua uzito wa kreni kama ulivyoandikwa kwenye kibao au kitabu chake. Ongeza mzigo, bloku ya ndoano, na vifaa vyote vya kufungia. Zidisha jumla kwa 0.75. Hicho ndicho kiasi unachotakiwa kukitegemea kwenye mguu mmoja, mguu wowote kati ya minne. Ikiwa kitabu cha mashine kina jedwali lake la nguvu inayoshuka kwenye kila mguu, fuata hilo, 0.75 ni ya kukadiria pale jedwali linapokosekana.

Mfano: kreni yenyewe ina uzito wa tani 29, tanki tani 5, bloku na vifaa vya kufungia nusu tani. Jumla 34.5. Mara 0.75 unapata karibu tani 26. Sahani ya chuma iliyo chini ya jeki (silinda ya mguu inayoshuka hadi chini), ikiwa na kipenyo cha sentimita 40, ina eneo la mita za mraba 0.126. Gawa: zaidi ya tani 200 kwa kila mita ya mraba. Hakuna udongo wa shamba wala wa kiwanja unaobeba hivyo. Ndiyo maana mabao chini ya sahani ni sehemu ya kreni, na kreni isiyokuja na mabao yake haijakamilika.

Ukubwa wa mabao unatokana na udongo. Kwa makadirio ya kawaida, mfinyanzi laini hubeba chini ya tani 7.5 kwa mita ya mraba. Mfinyanzi wa wastani hubeba 7.5 hadi 15, mgumu 15 hadi 30. Mchanga uliolegea ni chini ya 10, na mchanga uliokaa vizuri ni 10 hadi 30. Kifusi kilichomwagwa usikipe namba yoyote mpaka kichunguzwe. Tani 26 kwenye udongo wa tani 10 zinahitaji mita za mraba 2.6, yaani mabao ya takriban mita 1.6 kwa 1.6 chini ya kila mguu. Udongo ukiwa wa tani 5 tu, unahitaji mita 2.3 kwa 2.3, na hapo ni busara kuimarisha ardhi kuliko kutafuta mbao zaidi.

Kuujua udongo uliopo

Chimba shimo la nusu mita mahali kila mguu utakapokanyaga, mashimo manne, wala usichimbe moja ukadhani umeyajua yote. Chukua donge la mfinyanzi. Ukilifinyanga kwa vidole bila shida, ni laini. Ukilifinyanga kwa kukaza vidole, ni la wastani. Likigoma kufinyangika lakini kidole gumba kinaacha alama, ni gumu. Kisha chukua nondo ya milimita 12 iliyochongwa ncha, simama uikandamize kwa uzito wa mwili ndani ya shimo. Ikizama sentimita 30 bila kupigwa nyundo, mahali hapo hapafai mpaka patengenezwe.

Shimo la nusu mita ni la kuanzia. Mabao yenye upana wa mita 1.6 huusukuma udongo hadi kina cha mita 2 au 3, hivyo tabaka gumu la juu linaweza kuficha ulaini wa chini. Huku kwetu hilo hutokea sana kwenye mabonde ya vinyungu (bustani za mabondeni za kiangazi) ya Iringa na Njombe. Mwezi wa kumi juu pamekauka na pamepasuka, lori linapita bila kuacha alama, lakini mita moja chini kuna maji. Jirani ambaye familia yake imelima hapo anajua maji yanaanzia wapi. Muulize.

Rungwe na sehemu za Mbeya kuelekea Tukuyu, udongo umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, unashika maji mengi sana, na ukichimbwa ukuta wake unasimama wima kiasi cha kukudanganya kuwa ni imara. Udhaifu wake unaonekana ukivurugwa: lori likizungukazunguka juu yake ukiwa na unyevu, unageuka kuwa kama uji. Amua mapema njia moja ya kuingilia na kutokea, na mahali pa miguu pasikanyagwe na gari lolote kabla. Mvua za huko huzidi milimita 2,000 kwa mwaka katika maeneo mengi, kwa hiyo kipimo cha wiki iliyopita si kipimo cha leo.

Usangu, upande wa Mbarali, kuna mfinyanzi mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi ni mgumu na una nyufa ambazo mkono unaingia. Mvua za kwanza za Novemba zikinyesha, unavimba na kulainika kuanzia juu kwenda chini. Kusimamisha kreni hapo kati ya Desemba na Aprili bila kuondoa tabaka la juu na kuweka moramu ni kujitafutia maafa. Udongo mwekundu wa Iringa na Mafinga ndio wenye afadhali kuliko yote, mradi uwe wa asili. Ukiwa umekatwa upande wa juu wa kiwanja na kumwagwa upande wa chini ili kupata usawa, basi nusu ya kiwanja chako ni ardhi na nusu nyingine ni kifusi. Kreni ikisimama katikati, miguu miwili itakaa na miwili itazama.

Kuimarisha si kazi ngumu. Ondoa udongo wa juu wenye mizizi, jaza moramu au kokoto zilizochanganyika kwa tabaka za sentimita 15, shindilia kila tabaka kwa kompakta kabla ya kuweka linalofuata. Sentimita 30 za kokoto zilizoshindiliwa vizuri hupanua eneo la kubeba kwa takriban sentimita 15 kila upande, hivyo mabao ya mita 1.3 yanafanya kazi ya mabao ya mita 1.6 kwenye udongo wa chini.

Mahali pasipofaa hata kwa mabao makubwa

Kwenye viwanja vya mjini, kama Mwanjelwa, Soweto au Ipogolo, hatari kubwa ni mashimo ya choo na makaro ya zamani. Nyumba ilibomolewa, shimo likafunikwa kwa mfuniko wa zege na udongo juu, na aliyeuza kiwanja hakusema. Mfuniko wa zege wa sentimita 10 hautahimili mguu wa kreni hata kidogo. Muulize mwenye nyumba na mjumbe, gonga ardhi kwa nyundo nzito usikilize pale panapotoa mlio mtupu, na ukiwa na shaka chimba. Fuata pia mabomba ya maji na mifuniko ya chemba; bomba likipasuka chini ya mguu, maji yatakula udongo ukiwa hujui.

Karibu na mtaro au msingi uliochimbwa, ukingo wa mabao ukae mbali na ukingo wa shimo kwa umbali usiopungua kina cha shimo. Shimo la mita 2, mita 2. Udongo ukiwa wa kifusi, mchanga au umelowa, zidisha mara mbili. Kipimo hicho hicho kitumike kwa kuta za kuzuia udongo, ambazo Iringa mjini na Mbeya zipo kila mtaa kwa sababu ya milima. Ukuta ulijengwa kuzuia udongo, haukujengwa kwa ajili ya tani 26 za ziada juu yake.

Barabarani, mguu mmoja usiwe kwenye lami na mwingine kwenye bega la udongo bila kuhesabu kila upande kivyake. Ukingo wa lami na mtaro wa zege ulio kando yake ndivyo vinavyovunjika kwanza.

Tazama na juu. Kabla ya kuchagua mahali pa miguu, zungusha bumu kichwani mwako mduara mzima na uone kama linakaribia nyaya za TANESCO. Zikiwa karibu, sogeza kreni, au omba umeme ukatwe kwa maandishi. Usichague kupunguza urefu wa mikono ya miguu (ile inayotoka kando ya kreni na kubeba jeki) ili kuzikwepa.

Mabao yenyewe

Tabaka mbili, zilizopishana. La chini magogo yaliyochongwa unene wa sentimita 15, yakiwa yamebanana bila nafasi. La juu unene wa sentimita 20, yakikata msalaba, nalo limejaa. Hayo ni ya mfano wetu wa tani 26 na mita 1.6. Kipimo cha haraka: mbao zisichomoze nje ya sahani zaidi ya mara mbili ya unene wa tabaka zote kwa pamoja. Zikichomoza zaidi, ncha zinanyanyuka, mzigo wote unabaki katikati, na ukubwa uliouhesabu unakuwa wa karatasi tu.

Mbao za paini zimejaa kuanzia Mafinga hadi Makambako na bei yake inavutia, lakini chini ya sahani paini huminywa na kupasuka kufuata nyuzi. Tumia mkaratusi uliokomaa na kukauka, au mbao nyingine ngumu. Mataruma ya mbao ya reli yanafaa yakiwa mazima. Yenye mashimo mengi ya misumari au yaliyooza katikati yaache. Kagua kila gogo kwa kulipiga kisu: kikizama kirahisi, hilo ni la kuni. Vipande vya marine bodi, matofali, mawe yaliyopangwa na mapipa ya zege visiwe kabisa chini ya mguu, hata kwa kujazia.

Mabao yakae juu ya ardhi iliyosawazishwa kwa koleo, yakigusa kila mahali. Jiwe moja lililobaki chini linavunja gogo. Sahani ikae katikati kabisa. Ikisogea kuelekea ukingoni, upande mmoja unabeba zaidi na mabao yanapinduka taratibu. Na mbao ziwe chini ya sahani tu. Kuweka gogo chini ya mkono wa mguu, kati ya jeki na mashine, hupunguza upana wa kusimama kwa kreni na kuuvunja mkono ambao haukutengenezwa kubebwa hapo.

Kuteremsha miguu

Simamisha kreni ikiwa imenyooka na mahali pa kazi, funga hendibreki, weka kabari. Kwenye mteremko kuna jambo ambalo limesababisha kreni kuteleza: kwa malori mengi hendibreki hushika magurudumu ya nyuma. Ukinyanyua nyuma kwanza, umeondoa breki, na mashine inashuka na mteremko ikiwa juu ya jeki. Acha magurudumu ya nyuma chini mpaka jeki za mbele zimeshika uzito, isipokuwa kitabu cha mashine kinasema vingine.

Toa mikono yote minne hadi mwisho, pande zote sawa, na uingize pini za kufungia. Mtu mmoja atembee kila kona akiangalia, kwa kuwa opereta kwenye vidhibiti vya upande mmoja haoni upande wa pili, na mkono unaotoka unaweza kumbana mtu kwenye ukuta. Kama nafasi haitoshi kutoa mkono mzima, jedwali la uzito la kreni (linaloonyesha inaruhusiwa kuinua kiasi gani) ndilo linaloamua: likiwa na safu ya mikono iliyotolewa nusu, tumia safu hiyo na tundu la pini la nusu. Likiwa halina, kazi hiyo haifanyiki kwa kreni hiyo hapo. Kuacha upande mmoja mfupi kwa ahadi kwamba "hatutazungusha huko" hakukubaliki, kwa sababu upepo, kosa la ishara au mzigo unaobembea haviijui ahadi hiyo.

Shusha jeki mbili za mwisho mmoja kwa pamoja, kidogo kidogo, kisha mwisho wa pili, ukirudia. Nyanyua mpaka magurudumu yote yaache kugusa ardhi. Yakigusa, uzito wa ekseli hauko kwenye miguu ambako jedwali linautegemea uwe. Usinyanyue juu zaidi ya hapo bila sababu. Jeki ya tano ya mbele, kwa kreni zenye nayo, ishushwe mwisho, iguse tu kwa shinikizo lililowekwa na mtengenezaji.

Kusawazisha

Jedwali la uzito limeandikwa kwa kreni iliyo sawa. Vitabu vingi vya kreni za magurudumu vinataka mwinamo usizidi asilimia 1. Wewe lenga nusu yake. Asilimia 1 inaonekana ndogo, lakini ncha ya bumu iliyo mita 30 juu inakuwa imesogea sentimita 30 pembeni hata kabla ya mzigo. Bumu lina nguvu kwenda juu na chini, ila halina nguvu hiyo likisukumwa ubavuni. Tena ukizungusha kuelekea upande wa chini, mzigo unakwenda mbali na kreni kuliko ulivyosoma kwenye jedwali.

Pimamaji la duara lililo kando ya vidhibiti ni la kuanzia. Limegongwa mara nyingi, na wengine hulibandika upya bila kulipima. Chukua pimamaji la fundi la mita 1.2, liweke juu ya sehemu iliyochongwa ya meza ya kuzungukia, kwa urefu wa gari, halafu kwa upana. Ukilazimika kuinua ncha moja kwa milimita 12 ili kiputo kikae katikati, uko kwenye asilimia 1. Milimita 6 ni nusu asilimia. Ligeuze pimamaji nyuma mbele na usome tena. Masomo mawili yakitofautiana, pimamaji lenyewe lina kosa.

Rekebisha urefu wa gari kwanza, kisha upana, kila mara kwa jeki mbili za upande mmoja kwa pamoja. Ukiishusha au kuiinua jeki moja peke yake, mashine inakaa juu ya miguu mitatu na wa nne unaelea, ingawa pimamaji linaonyesha sawa. Zunguka ukajaribu kuisukuma kila sahani kwa nguvu. Inayosogea haijabeba kitu.

Kiwanja kikiwa na mteremko mkubwa kuliko uwezo wa jeki, chimba upande wa juu. Kuujenga upande wa chini kwa magogo kunawezekana, lakini rundo lisiwe refu kuliko upana wa kitako chake, kila tabaka lijae, na lisimame juu ya ardhi iliyokatwa usawa. Mabao yaliyolazwa kwenye mteremko huteleza mguu unapokazwa, na mvua inaongeza.

Mwisho, chora mstari wa chaki kwenye fimbo ya kila jeki, pale inapoingia kwenye silinda. Rudi baada ya dakika 15. Mstari ukiwa umezama, vavu ya kuzuia mafuta au sili inavuja, na kreni hiyo haiinui kitu leo.

Jaribio kabla ya mzigo

Bila mzigo, zungusha bumu polepole lisimame juu ya kila kona kwa dakika chache. Msaidizi apime kwa futi jinsi mabao yalivyozama, kona kwa kona. Yakizama kidogo kisha yakatulia, sawazisha upya. Yakiendelea kuzama, au kona moja ikizama kuliko nyingine, shusha bumu, toa mabao, tengeneza ardhi. Kisha nyanyua mzigo halisi sentimita 10 hadi 20, ushikilie dakika 5, angalia tena. Jeki haisahihishwi mzigo ukiwa hewani. Mzigo urudi chini kwanza.

Katika siku nzima ya kazi, angalia pimamaji kila baada ya mapumziko, na kila mara mvua ikinyesha. Makambako, Njombe na Mufindi kuna sababu nyingine, hasa Juni na Julai: mafuta ya haidroliki yakipoa usiku hupungua ujazo na jeki zinashuka, si lazima kwa kiasi sawa. Kreni iliyoachwa juu ya miguu tangu jana isawazishwe upya asubuhi, na tena jua likishapasha silinda za jeki.

Haya yote yanahusu pia malori ya hiabu, yaani yenye kreni ndogo juu yake, yanayopakia nguzo na magogo. Miguu yake ni mifupi na sahani zake ni ndogo, hivyo zinadunga udongo haraka, na huko porini karibu hakuna anayebeba mabao. Ubao mgumu wa nusu mita kwa nusu mita, unene wa sentimita 8 au zaidi, kila upande, uwe kwenye gari daima.

Cheti cha ukaguzi wa kreni kutoka OSHA (Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi) kiwepo saiti, lakini kinaihusu mashine. Udongo wa kiwanja chako hakuna atakayeukagua isipokuwa wewe.

Wakati wa kukunja, rudisha bumu lote na ulilaze kwenye kiti chake kabla ya kugusa jeki yoyote. Rudisha jeki, kisha mikono, kisha weka pini za safari kwenye mikono yote minne na uzikague kwa mkono. Pini iliyosahaulika huacha mkono wa chuma ukichomoka barabarani gari linapokata kona, na kwenye kona za Kitonga gari linalokuja mbele halina pa kukwepea.